Koti la Njano Bado Liko Msumarini

Baba Manka,

Sikuulizi habari za huko uliko. Hutanijibu, na mimi sina tena nguvu za kungoja majibu. Nakupa zangu tu.

Leo Ijumaa, nimepumzika. Nimekaa kitandani, kitanda cha chini, maana magoti yalikataa ngazi na Rukia akanihurumia tukabadilishana. Rukia si unamkumbuka, yule Mzanzibari ninayelala naye chumba kimoja, mliyekuwa mkitaniana naye kwenye simu mpaka salio linakwisha. Yupo juu hapo anasoma Kurani yake taratibu, na mimi huku chini nimeweka karatasi juu ya sinia. Naandika kwa kalamu ya hoteli. Darasa la saba langu unalijua, kwa hiyo mahali nitakapokosea pasome hivyo hivyo.

Nimechoka, mume wangu. Vyumba ni vile vile kumi na sita kwa siku, mashuka ni yale yale. Nikifuta kioo kule ghorofani naiona West Bay yote ya hapa Doha inameta, halafu upepo unapuliza, vumbi linarudi kabla sijakunja kitambaa. Zamani nilikuwa nikilitukana hilo vumbi. Siku hizi naliangalia tu.

Lakini ngoja kwanza nijisifu, wewe unanijua, nisipojisifu sipumui vizuri. Binti yako amelala ndani ya theluji. Ndani yake, Baba Manka, siyo juu yake! Manka wetu, aliyekuwa akilia ukimwogesha maji ya mfereji, amechimba shimo kwenye theluji kwa mikono yake, akaingia kama panya buku, akawasha mshumaa, akalala mpaka asubuhi, akatoka amejinyoosha akaomba chai. Kampuni anayoongozea wageni mlimani ilipata nafasi moja ya kumpeleka mtu Ulaya, kwenye milima ya baridi, akajifunze kuokoa watu. Nafasi moja. Wanaume walikuwa wengi wanaitaka, wenye ndevu zao. Wakampa Manka. Nilipowaambia kantini hakuna aliyekula kwa amani siku ile. Niliwaeleza Wafilipino, nikawaeleza Wanepali, mpishi wa Kimisri nikamweleza mara mbili. Rukia akasema, "Shoga, mwache basi na huyo Mmisri, anaunguza vitunguu."

Sasa najua unachowaza. Unawaza, si huyu mwanamke ndiye aliyesimama siku ya mazishi yangu akasema mlima umekula mmoja, hautakula wa pili?

Ndimi. Nilisema, na Manka aliitikia "abee mama" mbele ya watu wote. Halafu mimi nikarudi Doha na yeye akaenda kubeba mizigo ya wageni mlimani na wagumu wenzako, akabeba misimu miwili nisijue, akasomea kuongoza wageni, akapata na leseni. Nilipojua nilikaa mwezi mzima sipokei simu yake. Mwisho ni Rukia aliyenisema. "Weye wamkasirikia mtoto au wamkasirikia mlima?" Jibu nimelipata juzijuzi, na ndilo linaloniandikisha barua hii. Manka anasubiri neno langu. Wanamtaka arudi kule baridini msimu ujao, amalize sehemu ya pili, kisha awe anawafundisha wagumu wa kwetu. Safari hii hataki kwenda kwa kunificha. Amesema bila neno langu haendi. Na neno haliwezi kunitoka kabla sijakwambia wewe kitu.

Alipotoka huko Ulaya ndege yake ilipita hapa, akapewa siku mbili. Nilimwona anatoka na begi lako, lile la kijani, ubavuni amefunga beleshi dogo la kukunja na fito nyembamba za chuma zinazoungana zikawa ndefu kuliko nguzo ya kuanikia nguo. Amekuwa mwembamba, ngozi ya pua imembabuka kwa jua la theluji. Mzuri. Anatembea kama wewe, anatanguliza bega.

Siku ya pili ilikuwa Ijumaa kama leo. Akaniambia, "Mama, twende nikuonyeshe nilichosoma." Nikamwambia hapa theluji tunaiona kwenye friji. Akasema mchanga unatosha. Basi tukapanda basi mpaka Lusail, wanakojenga mji mpya. Siku ya Ijumaa kazi husimama, na pembeni ya barabara kuna vichuguu vya mchanga wa ujenzi virefu kama nyumba. Mlinzi wa pale ni Mkenya, mrefu, amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya kivuli chembamba cha kontena. Alipoona beleshi akasimama.

"Mathee, hapa hakuna kuchimba. Kwani mnatafuta mafuta?"

Manka akamwambia, "Tunatafuta mtu, kaka."

"Mtu? Wacha! Nani amezikwa kwa site yangu?"

"Kandambili ya mama."

Alicheka huyo njemba mpaka akarudi kukaa. "Haya, tafuteni. Lakini mkipata maiti, mimi sikuwa."

Manka akanigeuza nitazame barabarani, akaifukia kandambili yangu, akanipa fito. Kule Ulaya kila mtu hufunga kifuani kidude kinachotoa mlio, ukifukiwa na maporomoko wenzako wanaufuata mlio mpaka wakukaribie, halafu ndipo fito zinaingia kazini. Sisi kidude hatukuwa nacho, tulikuwa na mguu wangu mmoja mtupu. Nikaanza kuchoma choma mchanga kama napiga nyoka. Akanishika mkono. "Pole pole, mama. Wima. Hatua ndogo, kwa mstari. Mtu ana dakika chache tu mle ndani, kwa hiyo huna muda wa kuharakisha." Nikamwambia hayo ni mafunzo gani, huna muda wa kuharakisha. Akasema ndiyo hayo hayo.

Nikagusa kitu laini. Mwili wangu wote ulishtuka, kwa ajili ya kandambili! "Usiichomoe fito," akasema, "iache ikuonyeshe. Sasa shuka chini ya mteremko, uchimbe ukielekea kwake, usichimbe kutoka juu ukamkanyaga." Nikachimba. Jasho kama mvua. Nilipoitoa kandambili yule Mkenya akapiga makofi. "Mgonjwa amepona! Sasa hiyo ni kazi ama ni mchezo?" Nikamwambia kwa kiburi changu chote, "Hiyo ni taaluma, baba. Na huyu ni mwanangu."

Halafu Manka akapanda juu ya kichuguu. Kwa nje mchanga ulikuwa umekauka, umelainishwa na upepo, mzuri kama shuka nililotandika mimi. Akaweka mguu mmoja tu. Ubavu mzima ukashuka, ukanijia mpaka magotini, kimya kimya, mzito, ukanishika. Ni mchanga wa kujengea tu, lakini mguu wangu haukutoka mpaka alipokuja kunifukua. Akanieleza kwamba theluji nayo ndivyo. Baada ya upepo inakaa vizuri, inapendeza, na hapo ndipo inapoua. Mnavuka mmoja mmoja, wengine wanasimama pembeni wanamtazama anayevuka bila kumwacha kwa macho. Ikikushusha unaweka mikono mbele ya uso upate pa kupumulia.

"Nani anakutazama wewe ukivuka?" nikamuuliza.

"Wenzangu, mama." Kisha akaongeza, "Na wewe, ukitaka."

Nilijifanya natoa mchanga kwenye sikio.

Chini ya ule mchanga mkavu kulikuwa na unyevu, wanaumwagia maji kuzuia vumbi, kwa hiyo akaweza kunichongea kijumba kidogo cha kutosha paka. Mlango chini, kitanda juu, kwa sababu baridi huzama kama maji na joto la mtu hupanda. Juu akatoboa tundu la hewa kwa fito, akasema tundu hilo usilisahau hata kama umelewa usingizi. Alikuwa anafundisha hasa, Baba Manka, sauti imebadilika. Akaniuliza kama mwalimu, "Umeingia ndani, dhoruba iko nje. Jambo la kwanza?"

"Kusali."

"La pili?"

"Kuziba mlango."

"Kukagua nguo zako. Ukilowa umekwisha, hata shimo liwe zuri namna gani. Ndiyo maana juu kabisa unavaa koti la mvua, hata liwe baya. Yale makoti mazuri ya manyoya ya bata yanapasha joto yakiwa makavu tu. Yakilowa manyoya yanashikana kama ugali wa jana, mtu ni kama hakuvaa..."

Akaanza kufuta fito na upindo wa shati, fito ambayo ilikuwa safi.

Nikamuuliza, "Kama lile la baba yako?"

"Twende tukale, mama. Jua kali."

Ndani ya basi sikusema neno, na wewe unajua mimi kunyamaza ni ugonjwa.

Baba Manka, nalisema sasa.

Lile koti la bluu nililiokota kwenye kabati la chumba cha ghorofa ya thelathini. Mgeni alilisahau, miezi ikapita hakulidai, na sheria ya hoteli aliyekiokota kitu hupewa. Nililivaa mbele ya kioo nikiwa nimefunga aproni. Jepesi kama hakuna kitu, halafu joto. Nikawaambia kantini nzima, mume wangu ndiye atakayevaa koti la tajiri kwenye mlima mrefu kuliko yote Afrika. Nililituma kwa mtu, likafika. Wewe ulilishika, ukalinusa, ukanipigia simu. Ulisema, "Mama Manka, asante sana. Lakini hili ni la kulalia hemani, siyo la mvua."

Ulisema. Sauti yako ninayo mpaka leo.

Na mimi nikakujibu nini? Nikakujibu kwamba unaniaibisha. Nikasema huo uchafu wako wa nailoni wa njano, koti la mvua lenye viraka kwapani, uuache nyumbani, wageni wanapiga picha na mimi nataka picha yako getini umevaa koti langu niionyeshe hapa. Nikasema kama unanipenda utalivaa. Ukacheka kile kicheko chako cha puani. "Haya, malkia wa Doha. Nitalivaa."

Miaka kumi na tisa mlimani. Ulijua kuliko mimi. Ulilivaa kunifurahisha.

Picha ilikuja. Umependeza, huku nyuma yako mawingu meusi yameshuka mpaka kwenye miti. Niliwaonyesha watu. Siku ile ile mvua iliwanyeshea msituni mpaka jioni, na koti halikukauka tena, na juu mkakuta theluji. Halafu yule mgumu wa mahema akabaki nyuma, ukarudi kumfuata kwa sababu wewe ndivyo ulivyo. Ulimpata, ukamsukumia kwenye mwamba, ukamkinga upepo kwa mgongo wako. Yeye alikuwa na koti la mvua la plastiki. Yuko hai, ana watoto watatu sasa.

Msibani walisema kwamba kukuvua lile koti ilibidi wawe wanne, lilikuwa zito kama gunia lililotoka mtoni. Nami nikasikia neno "zito" nikaona fahari! Nikawaambia wanawake jikoni, ndiyo, lilikuwa zito, la bei, alau hakufa kama maskini. Nilisema hivyo, nikiwa nimeshika mwiko. Na koti la njano lilikuwa pale pale nyuma ya mlango, kwenye msumari, kavu.

Tena mimi kazi yangu ni nguo. Nasoma alama za kwenye lebo usiku na mchana. Lebo ya lile koti ilikataza maji. Niliiona, ndiyo maana nilikusisitizia usilifue. Nilikwambia usilifue. Sikufikiri kwamba mvua nayo ni maji.

Kwenye uwanja wa ndege Manka alinikumbatia muda mrefu, kisha akanisemea sikioni, haraka, kama mtu anayeng'oa mwiba. "Mama, siku ile baba anaondoka nilikuwepo. Nililishika la njano, nikasema nilitie kwenye begi lake akiwa haangalii. Nikakumbuka ulivyomwambia kwenye simu, nikalirudisha msumarini. Ndiyo maana nimesoma haya mambo." Akaenda. Sikuweza hata kumwita. Miaka yote nimemkasirikia mtoto kwa kuupanda mlima, kumbe anapanda na mzigo wangu.

Nilirudi kazini kama mtu aliyepigwa. Kila asubuhi kabla ya vyumba mimi nafuta vumbi kwenye mimea ya mapokezi, ile ya kwenye vyungu vyeupe mbele ya lifti. Siku hiyo nikalishika jani moja refu, nikalifuta mara moja, mara ya pili, mkono ukasimama. Masale, Baba Manka! Miaka yote nafuta masale kwa kitambaa chenye maji sijayatambua, kwa sababu yamekaa kwenye marumaru hayana mgomba pembeni. Wenyewe wanayaita maua. Nikalia pale pale mbele ya wageni na masanduku yao.

Rukia nilimweleza jioni. Nikamwambia kwetu ukimkosea mtu, hata uwe umemwaga damu, unachukua jani la isale unalifunga fundo unampelekea, na akilipokea hana ruhusa ya kukataa kukusamehe. Akaniuliza, "Na aliyekufa je?" Nikamwambia masale si ndiyo tunayopanda makaburini, atakuwa anayajua. Rukia akasema, "Basi mpelekee, shoga. Usijicheleweshe."

Kuchuma jani la hoteli nikaogopa, kamera ziko mpaka chooni. Nikamwendea mtunza bustani, Mnepali, mtu wa maneno machache. Nikamweleza kwa lugha yetu ile ya kuokoteza, mume, mlima, amekufa. Akaniuliza, "Theluji?" Nikatikisa kichwa kukubali. Kwao wanaijua. Alichagua jani mwenyewe, asichukue la pembeni lililokauka ncha, akalikata kwa mkasi akanipa kwa mikono miwili. "Mafi mushkila, mama." Hakuna shida. Akarudi kumwagilia.

Jani hilo ndilo limo kwenye bahasha hii, limefungwa fundo. Mama Witness wa laundri anakwenda likizo wiki ijayo, atalifikisha nyumbani. Sikuletei ili uniambie halikuwa kosa langu. Lilikuwa langu. Nakuletea ili ulipokee, basi. Na ahadi yangu ni hii, mume wangu, mtu mwingine sitamvisha tena sifa zangu. Kujisifu siachi, tusidanganyane, umri umekwenda. Nitajisifia mdomoni tu, na mtu akiniambia hiki ni cha kulalia, nitamsikiliza.

Manka, najua ni wewe unayesoma, kwa sauti, umesimama kwenye migomba, maana baba yako barua alipenda kusomewa. Nisikilize na wewe. Fundo hili ni la mama yako peke yake. Wewe ulimtii mzazi wako, mtoto aliyetii hana kesi. Liweke jani juu ya kaburi, hapo kichwani. Kisha ingia ndani. Koti la njano bado liko msumarini, nilikataza lisiguswe. Liguse. Lipanguse vumbi, kagua mishono ya kwapani, ulitie kwenye begi lako kabla ya kitu kingine chochote, uende huko kwenye baridi yako ukamalize. Neno langu ndilo hilo. Na ukivuka mteremko wowote ujue niko pembeni nimesimama nakutazama, sipepesi macho.

Baba Manka, nakuacha. Kesho ni vyumba kumi na sita na magoti ni haya haya. Watu wakifiwa huku wanaandikiana lala mahali pema. Mimi nakuombea pakavu.

Lala pakavu, mume wangu.

Mimi wako,
Mama Manka